Mwongozo Kamili: Kupima Impidansi ya Autiputi ya Amplifaya na Kujua Fidibeki Inafika Wapi

Kosa ni lile lile, linarudi kila mara. Fundi anaiweka mita kwenye omu, anagusa matundu mawili ya spika nyuma ya amplifaya, anasoma namba yoyote inayojitokeza na kusema hiyo ndiyo impidansi ya autiputi. Mwengine anasoma "8 Ω" iliyochapwa kwenye kasha na kuishia hapo. Wa tatu anafuata njia iliyo sahihi, lakini mita yake haina macho ya kukiona anachokitafuta, kwa hiyo anatoka na sifuri, au na nusu omu ya bahati nasibu.

Hapa tunatumia bodi ndogo ya TDA2030. Chipu hii ina miguu mitano tu, ni ya bei ndogo, na ikiungua haimlizi mtu. Ukishaijua njia kwenye bodi hii, utaipeleka kwenye amplifaya yoyote ya transista, pamoja na ile kubwa inayobebwa kwenye gari kwenda harusini. Utajua pia kwa nini besi la taarab linalosikika limekaza vizuri pale dukani linageuka kuwa mvumo usio na umbo likifika uwanjani.

## Maneno mawili yanayochanganya

Ile "8 Ω" nyuma ya kasha ni agizo tu: funga spika isiyopungua omu nane. Haisemi lolote kuhusu amplifaya yenyewe. Impidansi ya autiputi ni kama rezista iliyojificha ndani ya amplifaya, ikiwa imefungwa kwa mfululizo na spika yako. Kwa amplifaya nzima ya transista rezista hiyo ni ndogo mno, sehemu ndogo ya omu moja. Ikiwa kubwa, volti zinapotea kabla ya kufika kwenye spika, na koni inakosa wa kuishika inapotaka kuendelea kutikisika baada ya noti kwisha.

Neno la pili ni fidibeki. Maikrofoni ikipiga mluzi kwenye maulidi, watu husema "fidibeki hiyo!" Ni kweli, ila hiyo ni fidibeki chanya: sauti ya spika inarudi kwenye maikrofoni na kuzidi kukiongeza kile kile kilichoitoa. Ya ndani ya amplifaya ni hasi. Inachukua sehemu ya autiputi, inairudisha kwenye inputi kinyume, na chipu inajirekebisha mpaka tofauti iishe.

Kwenye TDA2030 unaweza kuigusa kwa kidole. Mguu wa 1 unapokea wimbi kutoka kwenye simu. Mguu wa 4 ndio autiputi. Kutoka mguu wa 4 kuna rezista ya kilo-omu 22 inayokwenda mguu wa 2, na kutoka mguu wa 2 kuna ya omu 680 inayoshuka kwenye graundi kupitia kapasita ya mikrofaradi 22. Rezista hizo mbili zinaamua ukuzaji: 22,000 ugawe kwa 680, ongeza 1, unapata mara 33 na kidogo.

Chipu hiyo ikiwa tupu, bila fidibeki, hukuza kwa desibeli 90, yaani karibu mara 31,600. Tunazohitaji ni 33 tu. Ziada yote, karibu mara 950, ni akiba inayotumika kusahihisha makosa. Tuseme chipu tupu ina impidansi ya omu 5: kwenye masafa ya chini (mitikisiko michache kwa sekunde) fidibeki inaigawa kwa ile 950, na inabaki kama omu 0.005. Masafa yakipanda akiba inapungua, na impidansi inapanda nayo.

Ila fidibeki inasahihisha kile inachokiona tu, na jicho lake liko pale ile rezista ya kilo-omu 22 ilipolehemiwa. Waya, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), tundu lenye kutu, vyote vilivyo mbele ya hapo, haivijui.

## Vifaa

- Bodi ya TDA2030 inayofanya kazi, yenye pawasaplai ya pande mbili (chanya, graundi, hasi), pamoja na hitisinki yake (bati la kupoozea). Mguu wa 3 ni hasi, wa 5 ni chanya.
- Transfoma ya volti 10-0-10, ampea 1 au zaidi, yenye fyuzi upande wa umeme wa 230. Baada ya daraja la dayodi na kapasita utapata kama volti 13 kila upande.
- Rezista moja ya omu 8.2, wati 10, ile nyeupe ya saruji. Huu ndio mzigo bandia.
- Rezista moja ya omu 0.47, wati 5.
- Potenshiomita ya kilo-omu 10 ya kupunguzia wimbi.
- Simu yenye programu ya kutoa wimbi la sine, na waya wa kuitoa sauti.
- Swichi moja ya kuwashia na kuzimia mzigo.
- Mita ya dijitali yenye safu ya volti 2 za AC, au inayoonyesha milivolti moja moja kwenye AC.
- Balbu ya uzi, wati 40 au 60, na soketi yake.

Kwenye mita ndipo wengi wanapoanguka. Ile ndogo ya manjano ya DT830 ina safu mbili tu za AC, 200 na 750. Kwenye 200, hatua yake ndogo kabisa ni volti 0.1. Kwa kipimo chetu cha volti 1.9, hatua moja hiyo ni sawa na omu 0.46. Yaani chochote kilicho chini ya nusu omu mita haikioni. Si mbovu, imeundwa kwa kazi nyengine. Azima mita nzuri kwa siku moja.

Usitumie bodi ya pawasaplai ya upande mmoja kwa somo hili. Ina kapasita kubwa kati ya mguu wa 4 na spika, nayo imekaa nje ya jicho la fidibeki. Kapasita ya mikrofaradi 2200 ina kama omu 1.8 kwenye 40 Hz, na kwa kuwa wimbi lake limepishana na la rezista, njia hii ya kulinganisha volti itakuonyesha sehemu ndogo tu ya tatizo hilo.

## Hatua ya 1: Washa kwa usalama

Funga balbu kwa mfululizo na waya wa laini unaokwenda kwenye transfoma. Usifunge mzigo bado. Inputi iunge na graundi. Washa.

Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, sawa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima: kuna shoti, au chipu imewekwa vibaya. Kipande cha chuma cha TDA2030 kimeungana na mguu wa 3. Kikigusa hitisinki, na hitisinki ikagusa kasha lenye graundi, umeshaunganisha upande hasi na graundi. Weka karatasi ya maika na bushi ya skrubu.

Sasa pima DC kati ya mguu wa 4 na graundi. Inatakiwa iwe chini ya milivolti 50. Ukiona volti kadhaa, usiendelee, fidibeki haifiki mguu wa 2. Kisha geuza mita kwenye AC: inputi ikiwa imefungwa kwenye graundi, isome karibu na sifuri. Ikionyesha volti na chipu inapata moto bila kazi, inajipigia yenyewe. Tizama kama rezista ya omu 1 na kapasita ya mikrofaradi 0.22, zilizo kwa mfululizo kutoka mguu wa 4 hadi graundi, zipo na zimelehemiwa sawasawa. Tizama pia kapasita za mikrofaradi 0.1 karibu na mguu wa 3 na wa 5.

Yote yakiwa mazuri, toa balbu.

## Hatua ya 2: Pima mzigo wenyewe

Rezista iliyoandikwa 8.2 inaweza kuwa 7.9 au 8.5. Gusanisha probu za mita kwanza, andika inachosoma (mara nyingi 0.2 au 0.3), kisha pima rezista na utoe kiasi hicho. Namba inayobaki ndiyo R yako. Mifano yote hapa inatumia 8.2 kamili.

Usitumie spika kama mzigo. Spika ya omu 8 ina kama omu 6 za DC, inapanda hadi makumi ya omu kwenye masafa yake ya mtikisiko, halafu inashuka tena. Hesabu yako itakuwa haina msingi.

## Hatua ya 3: Andaa wimbi

Weka simu kwenye hali ya ndege. Mlio wa ujumbe ukiingia katikati ya kipimo utaharibu usomaji. Ichomoe kwenye chaja pia, maana chaja huleta mvumo kupitia graundi. Zima ikwalaiza na vinogesho vyote vya sauti.

Chagua 130 Hz. Si 50, kwa sababu umeme wa ukutani ni 50 Hz na mvumo wake utachanganyika na wimbi lako. Si 100, kwa sababu mabaki ya daraja la dayodi yako hapo. Usipande juu ya 400 Hz, kwani mita nyingi za kawaida huanza kudanganya kuanzia hapo.

Pitisha wimbi kwenye potenshiomita, kisha kwenye inputi. Mzigo ukiwa umezimwa, zungusha mpaka mguu wa 4 usome volti 1.900 za AC. Kwenye inputi hiyo ni kama milivolti 57, kwa hiyo mkono uwe mwepesi.

Kwa nini 1.900? Mita nyingi kwenye safu ya 2 huishia 1.999, na tunataka tarakimu zote. Halafu joto kwenye mzigo ni chini ya nusu wati, rezista haibadiliki thamani katikati ya kazi.

## Hatua ya 4: Kipimo cha kwanza

Probu nyekundu ishike mguu wa 4 wenyewe, nyeusi ishike nukta ya graundi ambako kapasita kubwa za pawasaplai zinakutana. Probu isipande juu ya kibanio cha mamba kinachobeba mzigo. Kibanio hicho kinapitisha mkondo, na mgusano wake pekee unaweza kula omu 0.05, mara nyingi zaidi ya kile unachokitafuta.

1. Mzigo umezimwa, soma. Iite V1.
2. Washa mzigo, hesabu sekunde tatu, soma. Iite V2.
3. Zima mzigo, soma V1 tena. Ikiwa haikurudi pale pale, tofauti isiyozidi 0.002, simu au potenshiomita imehama. Futa, anza upya.
4. Rudia mara tatu.

Hesabu: toa V2 kwenye V1, zidisha kwa R, gawa kwa V2.

Mfano: V1 ni 1.900 na V2 ni 1.895. Tofauti ni 0.005. Mara 8.2, gawa kwa 1.895, jibu ni omu 0.022.

Hilo ni jibu zuri. Lakini kumbuka tulisema chipu yenyewe inabaki kama 0.005. Nyengine zinatoka wapi? Ni upande wa graundi: lehemu zake, njia yake nyembamba ya shaba kwenye bodi, waya wake. Tayari fidibeki imeshaifanya chipu isionekane, na unachopima ni mafundi waliopita juu ya bodi hiyo, wewe ukiwa mmoja wao.

## Hatua ya 5: Lisogeze jicho

Hii ndiyo hatua ya kuirudia mpaka ikuingie.

Zima umeme. Subiri kapasita zitoke chaji, hakikisha kwa mita. Kata njia inayotoka mguu wa 4 kwenda kwenye tundu la autiputi, weka rezista ya omu 0.47 hapo katikati. Rezista ya omu 1 na kapasita ya 0.22 zibaki kwenye mguu wa 4, usizihamishe. Mguu wa ile rezista ya kilo-omu 22 nao ubaki mguu wa 4.

Pima kama hatua ya 4, ila sasa probu nyekundu iwe kwenye tundu la autiputi, baada ya 0.47. Utaona V1 ya 1.900 na V2 karibu 1.797. Hesabu inatoa 0.47. Rezista imejitokeza nzima nzima, kama vile fidibeki haipo.

Zima tena. Sasa chomoa mguu wa ile kilo-omu 22 kutoka mguu wa 4, ulehemu upande wa pili wa 0.47, upande wa tundu. Washa, pima pale pale.

V2 inarudi 1.89 na kitu. Rezista ya 0.47 bado ipo, mkondo bado unapita ndani yake, na ukipima kati ya ncha zake mbili utaona milivolti kama 109 zinapotea. Lakini ukipima mguu wa 4 mzigo ukiwa umewashwa, utakuta volti 2 na kidogo: chipu imepandisha autiputi yake kwa kiasi kile kile kinacholiwa na rezista, ili tundu libaki na 1.900. Kwenye safu ya 2 mita itaandika "1", yaani imejaa, basi panda safu ya 20.

Onyo: usihamishe mguu wa kilo-omu 22 umeme ukiwa umewashwa, hata kwa sekunde. Ukiachia, mguu wa 2 unabaki bila habari, na mguu wa 4 unakimbilia upande mmoja wa pawasaplai. Hiyo ni DC ya volti kumi na kitu. Mzigo wa wati 10 utapikwa kwa karibu wati 20. Ingekuwa spika, koili ingeungua. Lehemu bovu kwenye rezista hiyo moja inatosha kuua besi ya watu.

Onyo la pili, la tamaa: kuna anayewaza, kama fidibeki ni nzuri hivi, basi tuiongeze. Anabadilisha 680 na kuweka kilo-omu 3.3. Ukuzaji unashuka hadi mara 7.7. TDA2030 inataka ukuzaji usiopungua desibeli 24, karibu mara 16. Chini ya hapo fidibeki hasi, ikichelewa ndani ya chipu kwenye masafa ya juu, inageuka kuwa chanya, na chipu inapiga mluzi usiosikika na sikio. Unasikia moto wa hitisinki tu, na ukichelewa, harufu.

## Hatua ya 6: Graundi, pale V2 inapozidi V1

Ukipata V2 kubwa kuliko V1 usiilaumu mita. Impidansi inasomeka hasi, na sababu karibu kila mara ni waya wa graundi.

Mkondo wa spika ukitoka kwenye mzigo lazima urudi kwenye pawasaplai. Kwa volti 1.9 na omu 8.2, ni ampea 0.23. Waya wa milimita mraba 0.5 wenye urefu wa sentimita 29 una omu 0.01. Mkondo ukipita humo, unaacha milivolti 2.3 kati ya ncha zake. Utasema ni kitu gani hicho? Kama graundi ya inputi umeifunga ncha ya waya huo iliyo karibu na mzigo, wakati graundi ya ile omu 680 iko kwenye nukta ya pawasaplai, basi zile milivolti 2.3 zinaingia kwenye inputi kama wimbi halali na kukuzwa mara 33. Zinakuwa milivolti 77. V2 inasoma karibu 1.98.

Kinyume chake, graundi ya omu 680 ikifungwa kwenye ncha hiyo na ya inputi ikiwa kwenye nukta safi, V2 inashuka hadi kama 1.83. Hesabu inakupa omu 0.31. Utabadilisha chipu tatu na namba haitatikisika.

Dawa: waya tatu tofauti. Wa kwanza ni wa kurudi kwa spika, mnene, moja kwa moja hadi nukta ya kapasita za pawasaplai. Wa pili ni wa rezista ya omu 1 na kapasita ya 0.22. Wa tatu ni wa graundi ya inputi pamoja na graundi ya kapasita ya mikrofaradi 22, zikiwa zimeungana kwanza zenyewe kwenye bodi, kisha kwenda kwenye nukta hiyo. Ukifanya hivyo V2 inarudi chini kidogo ya V1, na huo ndio ushahidi kwamba graundi zimekaa sawa.

## Hatua ya 7: Amplifaya kamili, vituo vitatu

Sasa chukua amplifaya ya kweli ya transista. Wimbi ni lile lile, mzigo ni ule ule, volti 1.9 zinatosha. Usishawishike kupiga wati mia, hupimi nguvu hapa.

Pima sehemu tatu, mzigo ukiwa umefungwa mwisho wa waya wa spika:

- Kituo A: ndani, pale rezista ya fidibeki inapogusa autiputi.
- Kituo B: kwenye matundu ya spika nyuma ya kasha.
- Kituo C: mwisho wa waya, kwenye mzigo.

Badala ya kulinganisha namba kubwa mbili, weka probu moja A na nyengine kwenye tundu chanya la B, mita ikiwa kwenye milivolti za AC, mzigo umewashwa. Utasoma moja kwa moja kinachopotea njiani. Kwa ampea 0.23, milivolti 10 ni omu 0.043. Fanya hivyo upande wa graundi pia, maana wengi husahau kwamba mkondo una safari ya kurudi.

Kati ya A na B kuna koili ndogo, rilei ya kulinda spika, na lehemu za matundu. Rilei iliyochoka ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ikiwa usomaji unabadilika ukiigonga kwa mpini wa bisibisi, ibadilishe. Kuipiga msasa ndani ni kununua wiki mbili tu.

Kati ya B na C ni waya, na hapa ndipo besi la uwanjani linapopotelea. Shaba safi, mita 20 kwenda na 20 kurudi:

- milimita mraba 0.75: omu 0.92
- milimita mraba 1.5: omu 0.46
- milimita mraba 2.5: omu 0.28

Amplifaya yako ina 0.02, spika ni ya 8, uwiano ni 400. Ongeza waya wa 0.75 na uwiano unashuka chini ya 9. Kwa mzunguko wenye omu moja hivi ya ziada, spika inapokea pungufu ya desibeli 1.3 pale impidansi yake ilipo chini, lakini pungufu ya 0.2 tu pale inapopanda kwenye mtikisiko wake. Desibeli moja ya ziada imezaliwa hapo hapo kwenye noti moja ya besi, na koni haina wa kuizuia. Dabo besi inapiga noti nne, uwanja unasikia moja.

Chunguza waya kabla ya kununua. Kwaruza nyuzi kwa wembe. Zikionyesha weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na ukinzani wake unafika karibu mara moja na nusu ya shaba safi. Panda saizi moja juu.

## Wapi njia hii isitumike hivi hivi

Bodi ndogo za aina ya "Class D", zinazokuza kwa kuwasha na kuzima transista kwa kasi, kama zile za TPA3116, zina autiputi mbili zilizo hai kwa kila spika. Hakuna tundu la graundi hapo. Usiunge upande wowote na graundi, na usitumie chombo kinachochota umeme ukutani kupimia. Mita ya betri inafaa, ila masafa ya huko kuwasha na kuzima, laki kadhaa za hezi, yanaweza kuichanganya. Kwenye chipu hizi fidibeki inachukuliwa kabla ya koili ya autiputi, kwa hiyo koili nayo iko nje ya jicho.

Amplifaya ya laini ya volti 100, kama zile za honi za minarani, ina transfoma ya autiputi. Matundu hayo yanaweza kukurusha. Zima, funga, ondoa mkono, ndipo uwashe. Mzigo wake si omu 8.2: kwa wati 60 ni karibu omu 167. Amplifaya ya zamani ya taa (mirija ya vioo badala ya transista) usiitie wimbi bila mzigo kamwe, transfoma itachanika ndani.

## Hatua ya 8: Chumvi

Kisiwani petu tundu la spika linakula chumvi hata likiwa kabatini. Pwani ya Makunduchi au Jambiani, upepo wa kusi ukivuma moja kwa moja kutoka baharini, shaba tupu inageuka kijani upesi. Kijani hicho hakipitishi umeme vizuri, na kipo mbele ya jicho la fidibeki.

Yale matundu ya kubana kwa springi ndiyo mabaya zaidi: mguso ni mdogo na springi hulegea. Weka ya skrubu. Usipake lehemu ncha ya waya kabla ya kuibana kwa skrubu. Lehemu ni laini, inabonyea taratibu, na baada ya miezi skrubu iliyokuwa ngumu inacheza.

Kata ncha ya waya iliyogeuka rangi, sentimita mbili au zaidi, mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Kijani kikiwa kimetambaa ndani ya ganda, waya huo ni wa kutupa. Sugua tundu kwa msasa laini wa namba 400, futa kwa spiriti, acha likauke, bana, kisha paka vaselini nyembamba juu ya mgusano uliokwisha kubanwa.

Pima A hadi B tena. Ikiwa milivolti 14 zimeshuka hadi 3, umeshuka kutoka omu 0.06 hadi karibu 0.013 bila kugusa chipu wala transista. Andika namba hizo kwa kalamu isiyofutika kwenye utepe, pamoja na tarehe, ubandike ndani ya kifuniko. Kusi ijayo utafungua, utapima, na utajua kabla ya mwenye harusi kukupigia simu.